Mfuko wa Udongo wa Ma Kokugonza

Nikimkuta kijana wa utafiti wa madini pale Hamugembe, amesimama na begi lake anasubiri bodaboda, kabla sijaitikia salamu yake namwangalia vidole. Kama amevaa pete, roho yangu haitulii. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mzee Twaha, unanitafutia mchumba?" Nikamjibu, "Hapana mwanangu, nakutafutia kosa."

Nieleze vizuri. Unapochota udongo kwa mkono, pete inasuguana na mchanga. Kinachobaki mfukoni wewe hukioni, lakini mashine ya maabara inakiona. Inasoma dhahabu au fedha, ofisi inachangamka, watu wanarudi porini kutafuta mgodi, kumbe mgodi wenyewe uko kidoleni mwako, ulivalishwa siku ya ndoa. Kwa hiyo pete yangu ya fedha niliiacha nyumbani miaka yote ya kazi. Mke wangu naye alikuwa na mashaka yake kuhusu mwanamume anayevua pete kila akisafiri. Nikamweleza habari za maabara tangu mwanzo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa. Na hiyo maabara inaitwa nani?"

Ndivyo kazi yetu ilivyo, vijana wangu. Wewe unalishuku jiwe, na watu wanakushuku wewe.

Niliwahi kwenda kisiwa cha Goziba na wenzangu kutazama miamba. Tulishuka kwenye boti na nyundo, mabegi na kofia zetu za ofisi. Muda wa kufunga kamba tu, nyavu zilizokuwa zimeanikwa ufukweni zilikuwa zimetoweka. Wavuvi walituona kama maofisa wa uvuvi waliojibadilisha. Siku mbili tulipasua mawe katikati ya watu wasiosema neno. Siku ya tatu akatokea mmoja, akakunja mikono kifuani, akasema, "Kama kweli mnatafuta mawe, mbona mnaokota haya haya yaliyojaa kila mahali?" Tangu siku ile, kabla sijatoa nyundo nakaa chini, nasalimia, namwacha mwenye mahali afungue begi langu na kushika kila kilichomo. Inachukua muda. Lakini inachukua muda mfupi kuliko kufukuzwa.

Sasa niwaambie habari ya shaka iliyokaribia kuharibu shamba la mjane, ili mjue mahali pa kuanzia kutafuta kosa.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Tulikuwa tumepanga nyumba Kamachumu, tunachukua sampuli za udongo katika vijiji vya jirani. Kiongozi wetu alikuwa mjiolojia mmoja kutoka Mbeya, Sekela, ambaye sote tulimwita Madamu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini karibu kila ninachokijua kuhusu mwamba nilikipata kwake. Alikuwa na kawaida ya kulamba jiwe kabla ya kulitazama, kwa sababu jiwe likilowa rangi zake hutoka. Watoto wa kijiji walikuwa wanamfuata kuona kama atalimeza.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unapewa ramani yenye mistari iliyonyooka, juu ya nchi isiyonyooka. Kila baada ya hatua mia kuna alama, unasimika kigingi, unachimba hapo. Udongo mweusi wa juu unaupita, maana umejaa mizizi na mambo ya watu. Unashuka hadi kwenye udongo uliotulia, mwekundu au wa njano, uliotokana na mwamba wa mahali hapo. Huo ndio unaochota. Unauchekecha, unautia kwenye mfuko wa kitambaa, unaandika namba kwa penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa unakimbia. Nusu inakwenda maabara, nusu inabaki stoo, ili kukitokea ubishi muwe na pa kurudi. Na kwenye daftari unaandika ulipochimba, kina chake, na rangi uliyoiona.

Madamu alikuwa na sharti moja kuhusu daftari. Alilirudia kila asubuhi wakati tukijaza maji chupani: "Andika ulichofanya. Usiandike ulichotumwa."

Tulikuwa tunaitikia, "Ndiyo Madamu," kama watu wanaojibu ibadani.

Mstari wa saba ulikuwa wangu. Ulikuwa unateremka kutoka kwenye rweya, ule uwanda wa majani ambao hatulimi, tunalisha ng'ombe na kukata nyasi tu, kuelekea kwenye migomba. Kigingi cha kumi na nne kiliangukia juu ya mwamba. Nikapiga sururu, ikaruka. Nikasogea kidogo, ikaruka tena. Jua lilikuwa kali, mgongo umechoka, na chini kama hatua thelathini, ng'ambo ya ile miti ya mulamula tunayopanda kuonyesha mpaka, naona kibanja cha mtu. Migomba mirefu, mibuni katikati yake, kivuli, na udongo laini unaokubali hata kijiti.

Mimi ni Mhaya, jamani. Nimezaliwa kwenye kibanja. Mtoto wa Kihaya akisikia neno udongo, akili yake inakwenda kwenye migomba moja kwa moja. Nikateremka.

Mwenye kibanja alikuwa mjane, Ma Kokugonza, Mlutheri wa kwaya, mwembamba, macho makali. Nilimsalimia vizuri, nikamwomba ruhusa, nikampa begi alikague. Alilikagua kweli. Alinusa hata chapati zangu.

"Unauchukua udongo wangu unaupeleka wapi?"

"Maabara, mae," nilimwita mama kwa Kihaya. "Wanaupima."

"Una ugonjwa gani?"

"Hauna ugonjwa. Tunatazama kama kuna madini."

"Na utaurudisha lini?"

Nikacheka. "Mae, ni kiganja kimoja tu!"

Yeye hakucheka. "Hicho kiganja nimekibeba mimi kichwani. Tangu nilipoolewa nabeba nyasi kutoka rweya kuja kulaza hapa. Ulidhani huu udongo uliota?"

Hapo, vijana wangu, alikuwa ameniambia kila kitu. Kibanja chetu ni udongo uliotengenezwa: nyasi za kutoka kwingine, mbolea ya ng'ombe, majivu, maganda, taka za jikoni, mwaka juu ya mwaka. Hauelezi mwamba ulio chini yake, unaeleza nyumba iliyo kando yake. Na nilipochimba, mkono wangu uliingia hadi begani na weusi bado haujaisha. Mkiona weusi hauishi, mjue mko ndani ya kazi ya watu. Toeni mkono, tafuteni mahali pengine.

Mimi nilichota. Kisha nikaandika daftarini: kigingi cha kumi na nne, rweya, udongo mwekundu.

Kwa nini niliandika hivyo? Kwa sababu ramani ilisema nilipaswa kuwa rweya, na udongo wa rweya ni mwekundu. Nilijaza mifuko mingi baada ya hapo. Sitasema nilisahau. Niliiweka habari ile mahali ambapo mtu huweka kitu asichotaka kukutana nacho.

Majibu yalipokuja, Madamu aliyasoma barazani kwenye kompyuta yake, akayarudia tangu mwanzo. Mstari wote wa saba ulikuwa mchanga mtupu, isipokuwa kigingi kimoja. Kumi na nne: bati, tena bati jingi. Na pamoja na bati, risasi.

"Sipendi," alisema. "Bati liko kule Karagwe na Kyerwa. Mwamba wa hapa ni wa mchanga, bati limetoka wapi? Na likitokea mwambani lina ndugu zake wa kutembea nao. Risasi si ndugu yake." Akainua macho. "Twaha, pete yako iko wapi?"

"Nyumbani, Madamu. Na hata hivyo ni ya fedha."

"Nani anaingia stoo?"

Hapo ndipo tulipoanza kuangaliana. Kila mtu akawa anakumbuka mwenzake alikaa wapi, alishika nini. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Kulikuwa na mtu aitwaye Deusi, mtoto wa kaka wa Mzee Kaijage, yule marehemu mume wa Ma Kokugonza. Deusi alipenda kuja kwetu kupiga soga, na kiti alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mifuko yetu ya sampuli. Mara mbili nilimkuta amekalia mstari wa saba.

"Bwana mtaalamu," alikuwa ananiambia, "hapa nilipokaa si ajabu nimekalia utajiri."

Na alikuwa na sababu. Mzee Kaijage alifariki bila mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu kibanja cha ukoo kina mrithi upande wa baba, na mrithi alikuwa Deusi. Mjane angekaa pale maisha yake yote, lakini neno la Deusi lilikuwa na uzito, na kila mtu alijua angefurahi kukiona kibanja kile kinapata mnunuzi. Kwa hiyo nilijiambia: huyu ametia kitu mfukoni. Nikamweleza Madamu. Alinisikiliza akinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Alikitia bila kufungua mshono?" aliuliza. Mifuko yetu tulikuwa tunaishona.

"Watu wana akili, Madamu."

"Hilo nalijua."

Lakini ofisi nayo ilikuwa imeshasoma majibu. Ikaamuru mtaro ukatwe, wenye kina cha mtu mzima, kuanzia kigingi cha kumi na nne kuteremka mteremko. Deusi, kama mrithi, alitia sahihi ya ruhusa siku hiyo hiyo. Vijana wa kazi wakasimika vijiti vyenye utepe mwekundu kutoka rweya, wakavuka mulamula, wakapita katikati ya migomba, hadi karibu na kaburi la Mzee Kaijage lililojengewa saruji. Kijiji kizima kikajaa minong'ono. Mtu asiyejulikana alikuja na pikipiki, akazunguka kibanja akikipima kwa hatua. Ma Kokugonza alimfukuza kwa ufagio. Kisha akaja kwetu akiwa ameshika kijiti kimoja mkononi, ameking'oa.

"Nani kati yenu amekuja kupanda huu mti kwangu?"

Madamu akampa kiti. "Mama, tumepata dalili ya madini."

"Mmepata kwenye nini?"

"Kwenye udongo uliochukuliwa juu kule, rweya."

Ma Kokugonza akanigeukia. Alinitazama tu, kisha akakiweka kijiti chini taratibu, akaondoka. Nilijua alichokiona, ila nikajiambia ananishuku kwa sababu watu wote wanatushuku.

Siku mbili kabla ya mtaro kuanza, nilikwenda kwa Ma Kokugonza asubuhi. Nilikwenda kumpeleleza Deusi. Nilitaka kujua kama amewahi kwenda Kyerwa kwenye machimbo, kama anaficha mchanga wa bati mahali. Nilijiona mtu makini sana.

Nilimkuta anafagia nje ya jiko. Hakuacha kufagia.

"Umekuja kuchukua kiganja kingine?"

"Nimekuja kuuliza habari za Deusi, mae. Amewahi kufanya kazi ya madini?"

"Deusi?" Akasimama, akaegemea ufagio. "Waitu, Deusi hajawahi kufanya kazi. Ya madini wala ya kitu kingine."

Akakusanya taka zake kwenye ungo uliotoboka, akapiga hatua tano, akazimwaga kwenye shina la mgomba. Kwa kawaida kabisa, kama walivyofanya mama yangu na bibi yangu. Ndipo macho yangu yakapanda ukutani. Chini ya paa la jiko zilikuwa zimetundikwa koroboi za zamani, tatu, na kopo la maziwa lililogeuzwa birika, limeungwa kwa ustadi hata huoni mshono.

"Hizi alitengeneza nani?"

"Mwenyewe. Ukimwita Kaijage, watu wanasema Kaijage yupi? Ukisema fundi wa koroboi, mpaka Muleba wanamjua. Alikaa hapo hapo uliposimama. Kutwa nzima na moto wake na lehemu yake, inadondoka kila mahali. Mimi nafagia, yeye anadondosha."

"Na ulikuwa unazitupa wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Utazitupa wapi taka, wewe wa mjini? Kwa mgomba."

Lehemu, vijana wangu, ni bati na risasi zilizoyeyushwa pamoja.

Nilipiga magoti kwenye shina lile. Nikafukua kwa vidole, chini ya nyasi, chini ya maganda. Sikuhitaji hata chekecheo. Chembe zilikuwepo, ndogo, zinang'aa kama magamba ya dagaa. Nikaiuma moja, ikabonyea. Msiige hilo, risasi ni sumu. Kando yake, bado nalitambua, kulikuwa na shimo nililolichimba mimi mwenyewe hadi begani.

Ma Kokugonza alikuwa amesimama juu yangu.

"Sasa umeona," alisema. "Na uliandika umechimba wapi?"

Njia ya kurudi Kamachumu ilikuwa fupi siku ile kuliko nilivyotaka. Nilipiga hesabu zote za mtu mwoga. Ningeweza kumwambia Madamu nimegundua lehemu, bila kusema habari ya kuhama kigingi. Lakini lehemu ya jikoni ingepandaje hatua thelathini hadi rweya? Ningeweza kunyamaza, mtaro ukatwe, usipate kitu, watu waende zao. Migomba ingekatwa. Mibuni ya Kaijage ingekatwa. Na Deusi angekuwa amepata mlango wa kukiuza kibanja.

Madamu alikuwa barazani anapanga mifuko.

"Madamu, kumi na nne haikuchimbwa kwenye kigingi. Niliichimba kwenye kibanja."

Aliingia ndani, akatoka na daftari langu, akasoma kwa sauti. "'Rweya. Udongo mwekundu.' Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Deusi alikushika mkono?"

"Hapana."

"Basi kwanza umwombe radhi Deusi."

"Lakini Madamu, Deusi mwenyewe ni..."

"Deusi ni mtu wa tamaa," alisema. "Mwongo ni wewe."

Aliandikia ofisi siku ile ile, nao wakasimamisha mtaro. Kisha akaitisha watu, akanisimamisha pale kwenye kigingi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kila aliyetaka kuja, nieleze kwa mdomo wangu nilichimba wapi na niliandika nini. Nilieleza. Halafu nikapiga sururu kwenye ule mwamba hadi nikapata ufa wenye udongo mwekundu, kazi ya muda mrefu kuliko nilivyodhani siku ya kwanza, lakini iliwezekana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: iliwezekana. Sampuli ile ikaenda maabara na watu wawili wakiwa mashahidi. Ikarudi mchanga mtupu. Vijiti vikang'olewa.

Msidhani watu walishangilia. Deusi alinyanyuka pale pale. "Mmeona? Walikuta mali, wakajua tutafaidi sisi, sasa wanageuza maneno. Huyu amepewa kitu!" Wengi waliitikia kwa vichwa. Nilipomwomba radhi alisema radhi bila madini haina maana kwake. Hadi leo tukikutana sokoni ananiita Mzee wa Kuficha na kuniuliza hali ya mgodi wake. Nimeacha kubishana. Ukidanganya mara moja daftarini, hata ukweli wako unaanza kunukia ujanja.

Mimi niliondolewa kwenye uchotaji msimu wote. Nikaosha machekecheo. Mtu akiosha machekecheo kwa muda mrefu anapata nafasi ya kufikiri, na nilichofikiri ni kwamba katika wale wote niliowashuku, sikumtafuta hata mara moja yule aliyekuwa analala ndani ya shuka langu: mimi mwenyewe.

Vifaa vyenu vya leo vinajua mliposimama hata kama ninyi hamjui. Vizuri. Lakini kifaa hakiandiki kwa nini mmehama. Hilo bado mnaliandika ninyi.

Tulipofunga kazi na kuondoa mifuko stoo, Madamu alinitupia mmoja. Ulikuwa na namba kumi na nne.

"Hii si sampuli ya kitu chochote," alisema. "Ipeleke kwao."

Ma Kokugonza alikuwa anachambua maharage. Akaupokea mfuko, akaupima kwa mkono.

"Huu siyo wote."

"Nusu imeliwa na mashine, mae."

"Mashine zinakula udongo?"

"Zinausaga. Haurudi tena."

"Mmh."

Akafumua mshono kwa kucha. Akanusa. Akasugua chembe kati ya vidole, akanitazama, akasugua tena. "Ni wangu," alisema hatimaye, kama mtu aliyetarajia vingine. Akanipeleka hadi kwenye ule mgomba, nikamwaga. Akaninyang'anya mfuko, akaugeuza nje ndani, akaukung'uta, akapitisha kidole kwenye mishono yote. Kisha akanishika mkono, akaufungua, akaziangalia kucha zangu moja moja.

Akaenda jikoni, akaleta maji kwenye kopo la mumewe.

"Nawa," alisema. "Hapo hapo kwenye shina."